Msimvue Helmeti

Mimi sina kifua cha kuvumilia ujinga, na kila mtu kijiweni anajua. Nashona viti vya pikipiki. Kibanda changu kimeegemea ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, kina meza moja, mashine ya kushonea, magunia ya sponji na ngozi ya bandia ya kila rangi, na mbele yake ndipo bodaboda wanapoegesha. Mtu akija na kiti kilichochanika namtengenezea, na huku namtengenezea namsema, kwa sababu helmeti yake ameitundika kwenye kiwiko. Kichwa kiko wazi, kiwiko ndicho kimevaa helmeti. Nimewauliza mara nyingi kama akili zao zimehamia huko. Wanacheka, wananiita Dada Pilipili, wanawasha pikipiki na kuondoka na viwiko vyao salama salimini.

Mdogo wangu ni mmoja wao. Wanamwita Breki kwa sababu hazitumii. Tumetoka tumbo moja, na mama alipofariki mimi ndiye niliyemlea, kwa hiyo yeye nilikuwa na pa kumshikia: haondoki kijiweni mpaka nisikie kifungo cha kamba ya kidevuni kikilia. Alikuwa ananuna, anasema namwaibisha mbele ya abiria, lakini anafunga. Wengine walinishinda.

Kulikuwa na jambo jingine lililonishinda, nalo ni honi. Mwenzao akianguka barabarani, aliye karibu anapiga honi ndefu bila kuachia. Anayeisikia anaipokea, naye anapiga, anageuza pikipiki hata kama amebeba abiria, abiria atajijua. Vumbi halijatua wameshajaa. Hapo wanafanya mambo mawili, yote kwa mapenzi. Wanamvua mwenzao helmeti ili apate hewa, wanamnyanyua, wanamkalisha kwenye pikipiki katikati ya watu wawili na kumkimbiza hospitali. Na gari lililomgonga wanalichoma. Mwaka jana walimbeba hivyo kijana tuliyemwita Kidevu, aliyekuwa ameanguka na bado anaongea vizuri, anatukana hata. Alipofika hospitali kichwa kilikuwa kinaning'inia. Daktari aliwaambia shingo ilivunjika kwenye ajali, lakini kilichompoozesha ni safari. Kidevu yuko kwa mama yake hadi leo, analishwa kwa kijiko, na pale kijiweni hakuna anayependa habari zake zitajwe.

Siku ya Breki jua lilikuwa kali na barabara imejaa. Nilikuwa na nyundo mkononi, napigilia ngozi kwenye kiti, jicho moja barabarani kwa sababu nilimtuma aniletee uzi. Pikapu ya zamani ilikuwa inakuja polepole, imebeba milango mipya ya mbao. Dereva aliwasha indiketa mapema, akapunguza mwendo ili aingie dukani. Lori la maji lililokuwa nyuma yake likapunguza pia. Nyuma ya lori nikaiona helmeti nyekundu ya mdogo wangu. Mtu mwingine angesubiri. Breki akachomoka upande wa mtaro, akalipita lori kwa ndani, wakati pikapu imeshaanza kukata kona.

Pikipiki ilijikita ubavuni mwa pikapu, bati likabonyea. Breki akaruka juu ya boneti, akapinduka hewani, akatua kwa bega na kichwa kwenye ukingo wa zege wa mtaro. Helmeti ililia kama nazi inapopigwa kwenye jiwe. Akabiringika mara moja, akabaki amelala chali, mguu mmoja hauna kiatu.

Sikumbuki nilivyofika pale. Nakumbuka nimepiga magoti na uso wake uko ndani ya helmeti, macho yamemtoka, damu inatoka puani.

"Dada, nimekufa?"

"Ungekuwa umekufa ningepumzika. Usitikisike. Usigeuze shingo hata kidogo."

"Shingo ndiyo inaniuma."

"Sogeza vidole vya mguu."

Nikaangalia mguu ule usio na kiatu. Vidole vikacheza. Machozi yalinitoka palepale, nikayafuta kwa mkono wenye nyundo. Mdogo wangu bado alikuwa na miguu yake na mikono yake. Kuanzia pale, kila atakayemshika vibaya angeweza kumnyang'anya, na tayari nilikuwa nasikia honi ya kwanza.

Dereva wa pikapu alikuwa ameshuka. Angeweza kukimbia, nafasi alikuwa nayo. Alikuwa mtu wa makamo, shati limejaa vumbi la mbao, na alikuja mbio kuelekea kwetu, mikono kichwani. "Mungu wangu. Mungu wangu, nilikuwa na taa, sikumwona." Hakufika. Bodaboda wa kwanza alimparamia na pikipiki yake, tairi la mbele likampiga pajani, akaanguka. Wa pili alishuka na kumkanyaga mgongoni. Honi zilikuwa zinatoka pande zote sasa, na madereva wenye akili zao walikuwa wanageuza magari na kutokomea. Barabara iliyokuwa imejaa ikabaki na pikipiki tupu. Hata lori la maji lilirudi kinyumenyume hadi likapotea.

Mwenyekiti wa kijiwe ndiye aliyefika kwa Breki kwanza. Ni mtu mnene, ana mikono ya kubeba magunia, na anampenda Breki kama mwanawe. Alikuwa ameshaanza kulia. Akajitupa chini, akaishika helmeti kwa mikono miwili.

"Mvueni! Apate hewa!"

"Usimguse!"

"Anakosa hewa, dada, huoni?"

Akavuta. Breki akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu. Nikampiga Mwenyekiti nyundo juu ya vidole. Ni nyundo ndogo, ya kupigilia misumari ya viti, lakini nilipiga kwa nguvu zangu zote, nikasikia kitu kimevunjika. Akaachia, ananiangalia kwa mshangao, mdomo wazi. Mwingine akaja kwa upande wa miguu, anataka kumnyanyua, nikamrukia na kumng'ata mkono mpaka nikasikia ladha ya chumvi. Wakaanza kupiga kelele kwamba Dada Pilipili amechanganyikiwa.

"Sijachanganyikiwa! Kidevu mlimvua helmeti nyinyi! Kidevu mlimkalisha katikati nyinyi! Nani anataka kwenda kumlisha Breki kwa kijiko? Ajitokeze nimwone!"

Walirudi nyuma kidogo. Nikamshika Mwenyekiti kichwani, nikamvuta mpaka akalala kifudifudi nyuma ya kichwa cha Breki, nikaiweka mikono yake, mzima na uliovunjika, huku na huku ya helmeti.

"Shika hivi. Usivute, usigeuze. Ukitikisa nakuua."

"Sawa, dada," akasema, machozi yanamdondokea Breki kwenye kioo cha helmeti.

Niliposimama nikaona vizuri kinachoendelea nyuma yangu. Walikuwa wamemzunguka dereva wanampiga kwa helmeti. Ndiyo, helmeti zile za kwenye viwiko. Siku zote hizo nawabembeleza wazivae, na siku niliyoziona zote zinafanya kazi zilikuwa zinampiga mtu. Walizishika kwa kamba za kidevuni na kuzizungusha. Aliyekuwa mbele ni kijana mmoja tunayemwita Nundu, kwa sababu ya nundu aliyoipata kwenye paji la uso alipojigonga kwenye nguzo bila helmeti. Alikuwa anampiga ubavuni, palepale, palepale, na kila akipiga anahema. Dereva alikuwa amejikunja, amefunika kichwa kwa mikono, anasema maneno nisiyoyasikia kwa kelele. Sikio lake moja lilikuwa limechanika. Mtu akamshika miguu, akamburuta juu ya kokoto, shati likapanda na ngozi ya tumbo ikabaki barabarani.

Nilipiga simu ya gari la wagonjwa. Ililia mpaka ikakata. Nikapiga tena, mtu akapokea, akasema gari liko mbali na halina mafuta, tutafute usafiri. Nikaangalia barabara. Hapakuwa na gari hata moja isipokuwa lile la milango, na vijana wawili walikuwa wameinamia pikipiki ya Breki, wamechomoa mpira wa petroli na wanakinga kwenye chupa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Walikuwa wanakwenda kuchoma kitu pekee ambacho kingeweza kumbeba mdogo wangu akiwa amelala.

Nikawahi. Nilipanda nyuma ya pikapu, juu ya milango. Nundu alikuwa ameshaacha kupiga, amepokea chupa, anamwagia petroli kiti cha dereva kupitia dirishani. Jasho na furaha vimemjaa usoni.

"Shuka, dada! Tunalipasha moto!"

"Lichomeni nikiwa humu."

"Shuka, bwana! Limeua mtu hili!"

"Hajafa! Breki hajafa! Mkishalichoma mtampeleka na nini? Na kiwiko chako?"

Akatoa kiberiti. Sijui kama angekiwasha au alikuwa ananitisha. Sikusubiri kujua. Nilijirusha kutoka juu ya milango, nikatua juu yake, na nyundo ikampata mdomoni. Tulianguka wote. Jino lake lilidondoka kwenye koti lake. Alinishika nywele, akanipigiza kichwa kwenye mlango wa gari, nikaona nyota mchana. Nikampiga tena, begani safari hii, mpaka akaachia. Kiberiti kilikuwa kimeingia chini ya gari na petroli inatudondokea miguuni.

"Ni Breki huyo!" nikawaambia. "Ni mdogo wangu. Nisaidieni kumbeba, kisha mkanichome na mimi."

 Kisha sauti ikatoka chini, kwenye kokoto. Dereva alikuwa anajaribu kuinua kichwa.

"Chukueni mlango wa juu," akasema. "Ni mwepesi. Mlazeni juu yake."

Wakamwangalia kama vile maiti imesema. Mimi nikasema, "Mmesikia? Leteni mlango!" na sijui kwa nini wakatii. Pengine walichoka. Pengine walikuwa wanasubiri mtu yeyote awaambie la kufanya. Walishusha mlango mpya, haujapakwa hata rangi, wakauweka kando ya Breki. Nilileta sponji kutoka kibandani, nikazibana huku na huku ya helmeti, nikachana ngozi ya bandia kwa meno na kumfunga nayo paji la helmeti, kifua, nyonga na magoti, mpaka akawa kitu kimoja na ubao. Tulimtelezesha watu sita kwa pamoja, Mwenyekiti kichwani anahesabu, kisha tukaunyanyua mlango na kuupandisha kwenye pikapu, juu ya ile mingine. Breki alilia lakini vidole vya mguu vilikuwa vinacheza, niliviangalia wakati wote.

Nundu, damu inamtoka mdomoni, aliruka kwenye usukani akasema ataendesha yeye. Gari lile lilikuwa la zamani, gia zake ziko kwenye usukani, na hakuna aliyewahi kuliendesha isipokuwa mwenyewe. Nundu aliliwasha, likaruka mbele kama chura na kuzima. Breki akapiga ukelele ule ule. Nilimtoa Nundu kwa kumvuta sikio.

Nikamwinamia dereva. Jicho moja lilikuwa limeziba kabisa.

"Kaka, unaweza kuendesha?"

"Nisimamishe."

"Atatoroka huyo!" mtu akapiga kelele.

"Atatorokea wapi na mimi nimekaa nyuma?"

Tulimsimamisha. Alikuwa amejishika ubavu wa kushoto na hakuweza kunyooka. Aliingia kwenye kiti kilicholowa petroli, akaweka mikono kwenye usukani, akavuta pumzi fupi fupi. Kisha gari likaondoka taratibu mno, hata sikujua kama limeanza kutembea. Mwenyekiti alikuwa amelala tumbo nyuma ya kichwa cha Breki, ameshika helmeti. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kando, nimeshika mkono wake.

Sikujua kwamba habari imetutangulia. Simu zilikuwa zimepigwa tangu honi ya kwanza, na zilizopigwa zilisema hivi: pikapu ya milango imeua mwenzetu na inakimbia. Tulipofika kwenye kidaraja walikuwa wamejipanga, bodaboda wa kijiwe kingine, wasiotujua kwa sura. Walikuwa wamekusanya mawe.

La kwanza lilivunja kioo cha mbele. La pili likaingia kupitia pale pale. Nilijilaza juu ya kifua cha mdogo wangu, mawe yakanipiga mgongoni na makalioni, moja likagonga helmeti yake kwa mlio uliotutikisa wote watatu. Breki alifumba macho. Helmeti ikapata ufa mrefu kutoka juu hadi sikioni, na kichwa kilichokuwa ndani kikabaki kizima. Mwenyekiti hakuondoa mikono. Jiwe lilimchana utosini, damu ikamtiririkia machoni, naye akawa anapaza sauti, "Ni mwenzenu huyu! Tumembeba mwenzenu! Wajinga nyinyi, ni mwenzenu!" Nani angemsikia kwa honi zile?

Kupitia kioo cha nyuma nilimwona dereva. Nilitegemea atakanyaga mafuta, kwa sababu mtu yeyote angekanyaga. Au angepinda kukwepa, au angeinua mkono kukinga uso. Hakufanya hata kimoja. Mikono yake miwili ilibaki kwenye usukani, na gari likaendelea kwa mwendo ule ule wa kubeba mayai, huku vioo vinamwagika mapajani mwake. Kijana mmoja alirukia dirisha lake, akamsukumia chuma ubavuni, akakichomoa na kumsukumia tena. Kichwa cha dereva kilianguka mbele, kikainuka. Hakukata kona. Hakukanyaga breki. Kijana alikimbia kando yetu hadi akajikwaa na kuachwa.

Tukatoka upande wa pili wa kidaraja. Nikaangalia mguu wa Breki, vidole vikacheza.

Hospitalini walimshusha na mlango wake. Daktari wa zamu, dada mdogo mdogo mwenye miwani, aliuangalia ule ufungaji wangu wa sponji na ngozi, kisha akasema watu wote watoke isipokuwa anayeshika kichwa. Walikata kamba ya kidevuni, wakaivua helmeti watu watatu kwa pamoja, kidogo kidogo. Baada ya picha akatoka kuniambia mfupa wa shingo umepasuka lakini uti wa ndani uko salama. Atavaa kola muda mrefu. Atatembea. Nilimkumbatia mpaka miwani yake ikapinda.

Ndipo nilipomkumbuka mwenye gari. Nilikuwa nimemwacha palepale mlangoni, sikumwambia hata ahsante. Nilitoka nje, nikakuta pikapu imezimwa na mlinzi amesimama kando yake anaita watu walete machela. Dereva alikuwa ameegemea usukani kana kwamba amepitiwa na usingizi. Walimwingiza chumba cha upasuaji. Mbavu zilikuwa zimevunjika na bandama imepasuka, damu yote imemwagikia ndani, na kile chuma cha kijana wa kidarajani kilimkuta ameshaumizwa vya kutosha. Jua halijazama alikuwa ameshafariki.

Nilikaa kwenye korido na Mwenyekiti, yeye kafungwa vidole na kichwa, mimi mgongo hauwezi kuegemea kitu. Hatukuangaliana. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi, kwa sababu mdogo wangu alikuwa hai na nilifurahi, na furaha yenyewe ilikuwa inanichoma.

Kesho yake saa ya kuona wagonjwa akaja mama mmoja wodini. Alikuwa peke yake, ana vumbi la mbao kwenye kingo za gauni lake. Alisimama miguuni pa kitanda.

"Mimi ni mke wa fundi milango," akasema. "Nimetoka kumwona kule chini. Nikaambiwa mgonjwa aliyeletwa naye yuko huku."

Nilisimama, nikamshika mikono. Nikasema kitu cha kijinga. "Anatikisa vidole."

"Afadhali," akasema, na alimaanisha.

Breki alikuwa ameelekezwa darini, hawezi kugeuka. "Dada, nani yuko chini? Nani amekufa?" Sikuwa nimemwambia. Yule mama akamsogelea ili waonane, akamwambia mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kwamba mume wake amefariki jana jioni.  Machozi yakaanza kumtoka mdogo wangu, yanamwingia masikioni, mikono imefungwa, hawezi kuyafuta.

"Mama, alikuwa amewasha taa," akasema. "Niliiona. Nilijua anakata kona, nikadhani nitawahi."

Yule mama alitikisa kichwa taratibu. Alikuwa bado ananyoosha shuka la Breki, kama watu wanavyofanya wakikosa la kufanya, wakati kijiwe kilipoingia.

Waliingia kwa kishindo, na machungwa kwenye mifuko, helmeti kwenye viwiko. Nundu alikuwa mbele, mdomo umeshonwa, amefurahi kweli kweli kumwona rafiki yake. Hakujua chochote. Alikuwa nyumbani kwake tangu jana anajiuguza.

"Breki! Shujaa! Dada yako amening'oa jino kwa ajili yako, ujue!" Watu wakacheka. "Lakini usijali, yule jamaa wa pikapu hatakusahau. Nilimpa helmeti za mbavu, we! Hapa, hapa, hapa." Akajipiga ubavuni kuonyesha, upande wa kushoto.

Mwenyekiti alimrukia, akamshika kola kwa mkono wake mzima. "Nyamaza. Nyamaza wewe."

"Mwache aseme," yule mama akasema.

Nundu akamwangalia, anatabasamu bado, akidhani ni shangazi yetu au mama mdogo.

"Ulimpiga hapo?"

"Hapo hapo, mama. Mpaka mkono ukachoka."

"Na yeye alikuwa anasema nini? Ukimpiga, alikuwa anasema nini?"

Nundu akakuna nundu yake. Alikuwa anajaribu kukumbuka vizuri, ili hadithi inoge. "Alikuwa anauliza swali moja tu. 'Amekufa? Yule kijana amekufa?' Nikimpiga, anauliza. Nikimpiga, anauliza hivyo hivyo. Nikadhani ananidhihaki."

 Watu wa nyuma walishaona uso wangu na uso wa Mwenyekiti, wakaanza kushusha mifuko ya machungwa chini polepole.

"Ulimjibu?" akauliza yule mama.

Nundu alimwangalia Breki anayelia, akaniangalia mimi, akauangalia mkono wa yule mama ulioshika shuka, na vumbi la mbao kwenye gauni lake. Tabasamu lilimtoka kidogo kidogo. Mdomo wake ulitikisika kwenye zile nyuzi.

"Hapana, mama," akasema. "Sikumjibu."